Kumtafuta Tabibu wa Mawazo: Habari za Lupiro na Bonde la Kilombero

Njia itokayo Ifakara kuelekea kusini huvuka mto Kilombero, hupita katikati ya tambarare za mpunga, kisha hufika Lupiro, na hapo hugawanyika: mkono mmoja hupanda milima kwenda Mahenge, mkono wa pili hufuata bonde kwenda Malinyi. Wenyeji wa pande hizo ni Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, pamoja na wageni wengi waliokuja na majembe au na ng'ombe. Miongoni mwa wataalamu wa malaria jina la Lupiro linajulikana kuliko majina ya miji mingi mikubwa, kwa sababu mbu wa Lupiro wamenaswa, wamehesabiwa na kuandikwa na watafiti wa Ifakara kwa miaka mingi. Fikra za watu walalao ndani ya nyumba hizo hizo hazikupata mwandishi mwenye bidii kama hiyo. Kwa hiyo mtu wa Lupiro aliyeshikwa na hofu isiyomtoka, au huzuni inayomzuia kuamka kwenda shambani, akiambiwa kwamba duniani iko tiba ifanywayo kwa mazungumzo, na kwamba imejaribiwa ikaonekana kufaa, swali lake la kwanza haliwi kama tiba hiyo ni ya kweli. Swali lake ni hili: yuko wapi aifanyaye? Swali hilo lina historia ndefu katika bonde la Kilombero kuliko tiba yenyewe.

Kiswahili kilikwisha kuutaja ugonjwa kabla ya matabibu kuja. Katika Tanzania mtu akisema kwamba fulani ana mawazo, hamsifu fulani kwa wingi wa akili. Husema kwamba fulani hana raha, halali vizuri, hali vizuri, na kwamba kinachomla ni fikra zake mwenyewe zinazozunguka pasipo kupata mlango wa kutokea. Washona wa Zimbabwe wanalo neno la namna hiyo hiyo, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni ajabu kwamba elimu ya Ulaya na Marekani ilikawia sana kufika mahali ambapo msemo huu wa kila siku ulikuwa umeketi tangu zamani, yaani kwamba wazo lenyewe laweza kuwa ndilo ugonjwa, wala si moshi tu wa moto uliofichika mbali.

Tiba inayohusika hapa huitwa tiba ya fikra na mwenendo, nayo ilitoka katika chemchemi mbili. Chemchemi moja ilikuwa Afrika, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Joseph Wolpe, aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1915, alikuwa daktari wa jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, akawaona askari walioharibiwa na hofu ya vita ambao dawa za siku zile hazikuwafaa. Alirudi Johannesburg akaichunguza hofu jinsi inavyofundishwa na jinsi inavyoweza kufutwa kidogo kidogo, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1958. Chemchemi ya pili ilikuwa mji wa Philadelphia, Marekani, ambako Aaron Beck, daktari aliyefunzwa kuchimba siri za moyo kwa kufuata mafundisho ya Freud, alianza katika miaka ya 1960 kuona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walikuwa na fikra fupi fupi zilizowapitia upesi, kila moja ikiwahukumu. Aliacha kuchimba, akaanza kuuliza juu ya fikra hizo zenyewe. Kitabu kikuu cha Beck na wenzake juu ya tiba ya huzuni kilichapishwa mwaka 1979, na baadaye mikondo hiyo miwili ikaungana kuwa mto mmoja.

Kazi yake haina fumbo. Chukua mfano wa mama aliyefiwa na mtoto kwa homa, ambaye kila siku hujiambia kwamba yeye ndiye aliyemuua kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Mfariji wa kawaida atamwambia anyamaze, amwachie Mungu. Tabibu wa tiba hii hamwambii hivyo, wala hamwambii kwamba wazo lake ni la upuuzi. Humwuliza: usiku ule ulijua nini? Homa ilianza saa ngapi? Kivuko kilikuwa kikifanya kazi? Kama jirani yako angalifanya hayo uliyofanya, ungalimwita muuaji? Wazo huwekwa mezani kama shauri la barazani, huletewa mashahidi wa pande zote mbili, na mgonjwa mwenyewe ndiye hakimu. Kisha hupewa kazi ya kufanya nyumbani: kuandika fikra zinapomjia, kurudi mahali alipokuwa akipakwepa, kufanya tena neno moja dogo aliloliacha. Juma lifuatalo hurudi, na kazi ile hukaguliwa. Kwa kawaida huenda hivyo majuma 12 hadi 20, kisha huisha.

Katika maelezo hayo limo tatizo la Lupiro. Vidonge vya mwezi mzima huingia katika mfuko wa shati, lakini mazungumzo ya mwezi mzima hayaingii. Tiba hii yataka mtu aliyefunzwa, nayo yataka mgonjwa arudi, tena arudi, na baina ya kurudi na kurudi afanye kazi. Hivyo umbali, ambao kwa tiba nyingine ni usumbufu, kwa tiba hii hukata mzizi.

Si kwamba watu wa pande hizo hawakuzoea kusafiri kwa ajili ya uganga. Kabla ya vita vya Majimaji kuanza mwaka 1905, watu walikwenda kwa makundi hadi Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kutafuta maji, na maji hayo yakabebwa na wajumbe hata yakafika Mahenge, ambako boma la Wajerumani lilishambuliwa mwezi wa Agosti mwaka huo. Habari hiyo ni ya vita, lakini ndani yake imo habari ya tiba: watu waliobanwa na hofu na dhuluma walikwenda kwa aliyesemekana kuwa na dawa ya hofu. Walioangamia kwa ajili ya dawa hiyo, na kwa njaa iliyofuata, walikuwa wengi mno, na kumbukumbu yake haijafutika Ulanga.

Wajerumani kwa upande wao walikuwa na nyumba moja tu ya wagonjwa wa akili, huko Lutindi katika milima ya Usambara. Nyumba hiyo ilianzishwa na wamisheni mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mwaka uliofuata, 1928, sheria juu ya uchawi ilitungwa upya, na waganga wa kienyeji wakazidi kutazamwa kwa jicho la mashaka. Hivyo serikali ilifunga mlango wa karibu na kufungua mlango ulio mbali. Tena mlango huo wa mbali haukufunguliwa kwa kila mgonjwa. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwanza kwa ajili ya watu waliosumbua wengine: aliyepiga, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni. Aliyekaa kimya ndani ya nyumba yake huku mawazo yakimla hakumsumbua mtu, na kwa hiyo hakupelekwa popote.

Habari iliyo karibu zaidi na Lupiro yatoka juu ya mlima, Mahenge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari wa kike kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, na mwaka 1960 alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Kifafa kilikuwa kingi sana katika nchi ya Wapogoro, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa. Watu waliamini kwamba mate na povu la mgonjwa huambukiza. Mgonjwa alikula peke yake, alilala peke yake, na akianguka motoni wapo waliorudi nyuma badala ya kumshika. Dawa ya kliniki ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, fenobabitoni, na wengi waliopewa walipungukiwa na kuanguka. Kliniki haikufa daktari alipoondoka, kwa maana wauguzi wa misheni waliiendeleza, naye mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa tabibu wa akili huko Kanada, alirudi mara kwa mara. Mwaka 1992 yeye na mwenzake walitoa habari za wagonjwa 164 waliofuatwa kwa muda wa miaka 30. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwao walikuwamo waliokufa kwa maji na kwa moto.

Mwenye kuisoma habari hiyo hawezi kusema kwamba Mahenge palifanywa tiba ya mazungumzo, maana tiba ilikuwa kidonge. Walakini limo ndani yake jambo ambalo Wolpe wa Johannesburg angalilitambua mara moja. Hofu ya povu iliishi kwa sababu haikupata kujaribiwa. Kila aliyemkimbia mgonjwa alirudi nyumbani mzima, akaamini kwamba amepona kwa kukimbia. Muuguzi aliyemshika mgonjwa kwa mikono yake mbele ya watu, naye asiugue mwaka huo wala mwaka wa pili, alikuwa akitoa ushahidi ambao hotuba isingaliweza kuutoa. Na ushahidi huo ulihitaji miaka, tena ulihitaji mahali pamoja panapojulikana, pasipohama.

Katika nchi hiyo hiyo ya Ulanga palikuwa na mahali pengine palipojulikana hata zaidi, nako ni Ihowanja, kwa Bibi Kalembwana. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Maia Green, aliyekaa miongoni mwa Wapogoro na kuandika habari zao katika miaka ya 1990, ameeleza jinsi watu walivyokwenda huko kunyolewa uchawi. Palipotokea vifo au magonjwa katika ukoo, na fulani akadhaniwa, mdhaniwa na mdhani walisafiri pamoja. Wote wawili walinyolewa nywele na kupewa dawa, yule aliyeshitakiwa na yule aliyeshitaki, hata isijulikane kwa macho nani alikuwa nani. Kisha walirudi nyumbani wakiwa na sharti kwamba atakayerudia uchawi dawa itamgeukia.

Wasomi wengine wangependa kusema kwamba hiyo ndiyo tiba ya fikra ya wenyeji, na kwamba mgeni hana la kuwafundisha. Hapo pana haraka. Kweli Ihowanja palifanya mambo ambayo tiba mpya huyatamani: shauri lilipewa mwisho, mshitaki hakurudi na ushindi, na watu wawili waliokuwa hawasemezani walitembea njia moja. Lakini viko vitu viwili visivyofanana. Mganga huithibitisha hofu kwanza, ndipo aivunje meno. Husema: naam, uchawi upo, nao sasa umeondolewa. Tabibu wa mazungumzo haithibitishi hofu wala haikanushi, bali humpa mwenye hofu njia ya kuipima. Wa kwanza humrudisha mtu nyumbani akiwa salama kwa nguvu ya dawa ya mwingine. Wa pili hutaka arudi nyumbani akiwa na chombo chake mwenyewe. Ni lipi bora katika kijiji ambacho kesho jirani atasema tena? Shauri hilo haliamuliwi kwa kupenda mila wala kwa kupenda hospitali. Yafaa kukumbuka tu kwamba kwa miaka mingi Ihowanja palikuwa na mlango ulio wazi na njia inayojulikana, na upande wa pili haukuwa na mlango wowote.

Baada ya uhuru juhudi hazikukosekana. Katika miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark, ilianza mpango wa kuingiza huduma za akili katika zahanati na vituo vya kawaida, na mikoa miwili ikachaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Lupiro imo katika mkoa wa Morogoro. Mpango ulikuwa wa busara, na nguzo yake ilikuwa dawa, kwa sababu dawa ndiyo iliyoweza kukabidhiwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa mia mlangoni. Mazungumzo yalikuja kwa njia nyingine kabisa, na kwa msiba: yalikuja na UKIMWI. Kliniki ya magonjwa sugu ilifunguliwa katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mwaka 2004, na kwa watu wengi wa Kilombero na Ulanga kazi ya mshauri wa UKIMWI ndiyo iliyowaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba mtu aweza kuajiriwa kwa ajili ya kuketi na mwingine na kusema naye kwa faragha.

Kazi hiyo iliitwa ushauri nasaha, na jina hilo lastahili kutazamwa. Ushauri na nasaha ni maneno mawili ya maana karibu moja, yakifungwa pamoja kama kuni ili yaonekane mazito. Yote mawili huelekea upande mmoja: mjuzi hutoa, mhitaji hupokea. Ndiyo sababu mgonjwa wa mawazo aliyefika kwa mshauri aghalabu alipewa mawaidha mazuri, akatoka na mawazo yale yale. Tiba ya fikra na mwenendo huenda kinyume. Anayesema sana ni mgonjwa, na kazi ya tabibu ni swali. Kiswahili hakijapata jina jepesi la mtu wa namna hiyo. Vibao vya milangoni husema mshauri, mwanasaikolojia, daktari wa akili, na msomaji wa kibao hawezi kujua nyuma yake mna nani.

Je, lazima awe daktari? Majaribio ya karibuni yajibu kwamba si lazima. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi kuketi na wagonjwa juu ya mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyapanga matatizo yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, juu ya wagonjwa 573, yalikuwa mema. Karibu zaidi na nyumbani, watu wa kawaida wasio matabibu walifunzwa huko Moshi, na huko Bungoma nchini Kenya, kuwatibu watoto waliofiwa na wazazi kwa tiba hii hii ya fikra na mwenendo. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliingia katika jaribio hilo, na habari zake zikatolewa mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, waliotibiwa Kenya, mjini na vijijini, na wale wa Moshi mjini, walikuwa wamepona machungu yao kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Vijijini mwa Moshi tofauti haikuonekana. Na mwaka mmoja baadaye, katika Kenya faida ilikuwa bado ipo, lakini upande wa Tanzania, mjini na vijijini, makundi yote mawili yalikuwa sawasawa.

Matokeo hayo ya Tanzania yamepitwa upesi na waliopenda kusifu jaribio, na pengine ndiyo yenye maana kubwa kwa Lupiro. Kutoonekana kwa tofauti hakusemi kwamba watoto hawakupata nafuu. Huenda jamaa na majirani walitenda kazi ambayo mahali pengine ilifanywa na mwalimu wa tiba, na huenda tiba yenyewe ilihitaji kurudiwa. Lakini mwenye kutaka kuileta tiba hii bondeni hawezi kuichukua kama mbegu ya mpunga, aseme kwamba ilivyoota Bungoma ndivyo itakavyoota Lupiro.

Kwa sasa mtafutaji hupewa njia yenye ngazi: kituo cha afya cha Lupiro kwanza, kisha hospitali ya Mahenge au ya Ifakara, kisha Morogoro, Muhimbili au Mirembe. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2008 ipo, na chuo cha Muhimbili hufundisha wanasaikolojia wa tiba. Mto nao si kizuizi kama zamani. Kivuko kilichopinduka Januari 2016 kilikuwa cha mwisho wa zama zake, na daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018. Mtafutaji akimpata mtu, amjaribu kwa maswali machache. Je, huuliza juu ya fikra na juu ya matendo, au huhubiri? Husema tangu siku ya kwanza kazi itachukua majuma mangapi? Hutoa kazi ya nyumbani, naye huikagua? Hupima mara kwa mara kama nafuu imepatikana? Asiyefanya hayo aweza kuwa mtu mwema sana, lakini tiba yake ni nyingine.

Limebaki jambo la majira. Mashamba ya mpunga ya watu wa Lupiro yako mbali na nyumba zao, na mvua zikianza jamaa nzima huhamia mashambani, wakalala katika madungu na vibanda kwa miezi, wakilinda mazao na ndege na nguruwe. Ahadi ya kila Jumanne saa tatu haifiki huko. Mavuno huisha yapata mwezi wa Julai, watu wakarudi mjini wakiwa na chakula, na fedha kidogo, na nafasi. Kutoka hapo hadi kulima tena mnamo Novemba au Desemba, majuma 12 yanaingia.